Benz 280SL ya zamani na S-Class mpya, mimi nimeshachagua

Nianze na jibu kabisa kwa wavivu wa kusoma: kama unaendesha mwenyewe chukua 280SL, kama una dereva chukua S-Class, na kama mfuko wako ni kama wangu basi kodisha, huku Ujerumani wapo wanaokodisha gari za zamani kwa siku. S-Class nimeipata kwa mshkaji anayebeba wageni wa mahotelini.

Hizi gari zote zimetoka kiwanda cha Sindelfingen, na zote ni silinda sita za mstari mmoja. Hiyo ya zamani wanaiita Pagoda sababu ya paa lake la bati la kuvua, lililobonyea katikati, ilianza 1963 kama 230SL, ikaja 250SL, halafu 280SL ya 1968 mpaka 1971, lita 2.8, HP 170. Hiyo S-Class ya mshkaji ni S 500, lita 3.0 yenye tabo, HP 435 ilipotoka 2020, na ina mota ya umeme inayoisukuma wakati wa kuondoka.

Sasa 280SL aisee. Usukani mkubwa mwembamba, mbele yako geji mbili kubwa za duara na katikati yake geji ndogo zimesimama wima, na ukikaa tu unaiona gari yote, kona zote, maana nguzo za vioo ni nyembamba sana. Turubai unalishusha kwa mkono, unafungua lachi za mbele, unalikunja, unalilaza chini ya kifuniko cha bati nyuma ya viti, unasepa. Paa la bati ndo usijaribu peke yako, linataka watu wawili na wote wawe serious, likikwaruza bodi utalia. Ukikanyaga mafuta haikurushi ila injini inaongea, unaisikia barabara, upepo, na kaharufu ka petroli kwa mbali. Breki ni za disk miguu yote lakini ABS (ya kuzuia matairi yasigande ukifunga breki) hakuna, mvua ikinyesha iheshimu.

S-Class bana ni dunia nyingine. Vitasa vimezama mlangoni, ukifika vinajitokeza. Skrini kubwa, na AC nayo iko humohumo, yaani kupunguza baridi unapapasa kioo huku gari iko spidi, hapo sijapapenda, japo unaweza kuiambia kwa mdomo ikakusikia. Ina zaidi ya mita 5 lakini matairi ya nyuma nayo yanakata kona, mpaka digrii 10 ukilipia hiyo option, kwa hiyo paking ya ghorofa haikusumbui. Nikahamia nyuma, kiti kikaanza kunikanda mgongo, tuko autobani, barabara kuu ya kasi ya huku, spidi 160 na nikapitiwa na usingizi. Kwa abiria hiyo ni sifa, ila mimi napenda kuendesha.

Kwenye hela, S-Class inashuka bei ukitoka tu nayo dukani, wakati 280SL safi huku inavuka euro laki moja. Ikiwa na namba za H za magari ya miaka 30 kwenda juu, kodi ni kama euro 191 kwa mwaka, na spea nyingi Mercedes wenyewe bado wanauza. Ila ukienda kuinunua usidanganywe na rangi inayong'aa, lala chini na tochi utafute kutu kwenye sakafu, halafu uliza pampu ya injeksheni, ile inayopeleka petroli kwenye injini, aliihudumia nani mara ya mwisho, maana ile ni ya kimakanika na mafundi wanaoijua kweli siku hizi wanahesabika.