Gundi ya Vigae kwa Ukuta wa Bafu Uliopakwa Rangi: Ununue Ipi?

Mwezi wa tatu baada ya fundi kumaliza kazi bafuni kwangu, kigae kimoja karibu na shawa kilianguka. Nilipokigeuza niliikuta gundi yote mgongoni mwake, ngumu vilevile kama jiwe, na juu yake umeganda utando wa rangi ya krimu, mwembamba kama ganda la kitunguu, wenye unga mweupe wa skimu, lile tabaka laini la kusawazisha ukuta kabla ya rangi, upande wa pili. Gundi ilikuwa imeishika rangi barabara; rangi ndiyo iliyouachia ukuta.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda dukani, chora miraba midogo kwa wembe juu ya rangi, bandika selotepu, kisha ivute kwa nguvu. Mahali pengine bandika kitambaa chenye maji kwa saa moja, halafu kwangua kwa ukucha. Rangi ikibanduka au skimu ikilainika, hakuna gundi itakayokufaa mpaka ukwangue hadi kwenye plasta ya saruji na kufuta vumbi lote.

Nafasi ya kwanza naipa gundi ya Sika yenye alama C2TE, ipakwe juu ya plasta hiyo, na sifichi kwamba ndiyo niipendayo. Alama C2 hudai nguvu ya kushika isiyopungua nyutoni 1 kwa milimita ya mraba, mara mbili ya C1, daraja la gundi ya kawaida. T ina maana kigae hakiteremki ukutani, na E humpa fundi muda zaidi wa kubandika kabla gundi haijakauka juu.

Ya pili ni kwa rangi ya mafuta iliyofaulu majaribio yote mawili: isugue kwa msasa hadi mng'ao uishe, ioshe, kisha paka praima (tabaka la kwanza la kusaidia gundi kushika) yenye chembe za mchanga, kama Eco Prim Grip ya Mapei, ndipo uweke gundi ya C2.

Gundi ya ndoo iliyokwisha kuchanganywa naiweka mbali nyuma, kwa sababu hukauka kwa kupoteza maji, na maji hayo yakibanwa kati ya rangi ya mafuta na kigae cha poseleni, ambacho hufyonza maji yasiyozidi asilimia 0.5 ya uzito wake, hayana pa kutokea. Uji wa saruji tupu juu ya rangi usiutumie.

Kinachoniuma ni wauzaji. Niliyemwendea mimi nilimweleza wazi kwamba ukuta una rangi, naye akanijibu kwamba gundi yake inashika popote, kisha akanipimia kwa kilo kutoka mfuko uliokuwa wazi, nisione alama wala tarehe ya kutengenezwa, na bei ya kilo ikawa juu kuliko ya mfuko mzima. Gundi ya saruji huvuta unyevu wa hewa na kuharibika ndani ya mfuko uliofunguliwa. Dai mfuko uliofungwa, soma tarehe, na ubonyeze pembe zake kwa vidole; ukihisi mabonge magumu, urudishe hapohapo kabla hujalipa.