Uchumi ndani ya diploma ya biashara ya kimataifa: nyota nne

Naagiza vyombo vya plastiki Guangzhou, nauza Kariakoo. Nilijiandikisha masomo ya jioni nikiwa na swali moja: faida yangu inayeyukia wapi? Chuo sikitaji.

Mwalimu wa uchumi alinikosha. Siku ya kwanza alichora mfano wa mchumi David Ricardo wa 1817, Ureno iuze mvinyo na Uingereza nguo, kila nchi inachokimudu zaidi, kisha akafuta ubao na kuandika: korosho ghafi za Mtwara. Tukabishana hadi mlinzi akaja kuzima taa.

Kipindi cha ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki kwa bidhaa zinazotoka nje ya jumuiya kilirudisha ada yangu: asilimia 0, 10, 25 na, tangu 2022, ngazi ya 35. Nilitoa ankara ya kontena mkobani tukaipigia hesabu palepale. Kumbe miaka yote nilipanga bei kwa dola ya siku ya kuagiza, ilhali mzigo unaofuata nanunua kwa dola iliyopanda!

Kero ni vitini: nakala ya nakala, grafu kama madoa ya chai. Na kama hesabu uliziacha kidato cha nne, zipitie kwanza; pale hakuna wa kukusubiri.