Sinki limeziba: pampu ya mpira au kostiki soda?

Maji yakigoma kushuka, mimi huanza na pampu ya mpira, ile yenye kikombe cha mpira na mpini. Ziba kwa kitambaa kibichi lile tundu la juu la sinki, acha maji yafunike mdomo wa pampu, kisha sukuma na kuvuta kwa nguvu mara 15 hivi. Kule kuvuta ndiko hasa kunakolegeza uchafu, na watu wengi husukuma tu.

Kostiki soda, kemikali kali ya kuzibulia mabomba, hugeuza mafuta kuwa sabuni na kuyeyusha nywele, lakini huunguza ngozi, hula alumini na hutoa joto kali ikikutana na maji. Kifuniko cha plastiki kilichodumbukia hakiiogopi. Ukishaimwaga, pampu usiiguse tena: maji yatakurukia machoni.