TAHADHARI: Safari za bei rahisi za Taveta, Moshi na Chemka

Kabla hujamtumia mtu arbuni ya safari ya kuvuka mpaka wa Taveta kwenda Moshi, Tanzania, tafadhali soma hapa. Kuna muuzaji anayezunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya Mombasa, Mariakani na Voi, na anawalenga hasa akina mama wa vyama na vijana wa makanisani. Picha zake zinavutia: maji ya buluu ya chemchemi ya Chemka, maporomoko ya Materuni, Kilimanjaro bila wingu. Bei ni ya chini, nafasi kila siku "zimebaki chache", na pesa zinatumwa kwa nambari ya mtu binafsi.

Mimi naishi Taveta, na abiria wake nawaona wakishushwa hapa. Jumamosi iliyopita walikuwa akina mama, baadhi yao na watoto. Matatu iliwaacha stendi, dereva akasema yeye amelipwa mpaka hapo tu. Muuzaji alipopigiwa simu aliwaambia kila mmoja aongeze pesa za "viza" na "kiingilio cha hifadhi", ndipo mwenyeji wa Tanzania aje kuwachukua. Waliokuwa nazo wakatuma. Mwenyeji hakuja, na simu ikazimwa. Mama mmoja alikuwa amebeba chakula cha watoto cha siku mbili. Iliniuma sana.

Sasa sikilizeni. Mkenya hahitaji viza kuingia Tanzania. Atakayekuitisha pesa ya viza anakuibia, hata akikutumia karatasi yenye muhuri. Chemka nayo haimo ndani ya hifadhi ya taifa. Iko Wilaya ya Hai, unaingilia Boma Ng'ombe kwa barabara ya vumbi, na kiingilio unalipa mwenyewe ukifika. Ukienda kwenye hifadhi kweli, kama lango la Marangu la Mlima Kilimanjaro, raia wa Afrika Mashariki ana kiwango chake cha shilingi za Tanzania, cha chini mno kuliko anacholipa mgeni wa Ulaya. Basi mtu anayekudai dola wewe Mkenya, muulize ni za nini.

Uongo wake mbaya zaidi ni kwamba kitambulisho kinatosha. Kitambulisho kitakupitisha Uganda na Rwanda. Holili, upande wa Tanzania wa mpaka huu, wanataka pasipoti, au hati ya muda ya kusafiria kutoka Uhamiaji wa Kenya, pamoja na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Kwa hiyo hata kama gari lingekuja, wengi wa wale akina mama wangerudishwa. Yeye analijua hilo fika, na ndiyo sababu anawashusha Taveta, kilomita chache kabla ya kituo cha pamoja cha mpakani, ambako afisa angewaeleza ukweli wote mara moja.

Anaahidi pia kwamba gari moja litawatoa Mombasa na kuwaingiza mpaka ndani ya hifadhi. Makubaliano ya 1985 kati ya Kenya na Tanzania hayaruhusu magari ya utalii ya Kenya kuingiza wageni katika hifadhi za Tanzania. Wageni hubadilisha gari, na mwenye kampuni halali atakueleza hivyo bila kuulizwa. Mwombe leseni yake ya TRA, mamlaka ya kusimamia utalii ya Kenya, na jina la kampuni atakayowakabidhi kule, ambayo lazima iwe na leseni ya TALA, yaani ya biashara ya utalii Tanzania. Huyu akiulizwa hukasirika, halafu anakutoa kwenye kundi.

Safari yenyewe ni nzuri na siwakatazi kuja. Kutoka Holili hadi mjini Moshi ni kama kilomita 35, na magari ya abiria yapo. Asiye na pasipoti bado ana Ziwa Chala, maana mpaka unapita katikati ya maji na upande wetu unafikika kutoka Taveta. Tazameni tu, msiogelee.

Kama umeshalipia safari yake ya mwisho wa mwezi, usiongeze hata shilingi. Hifadhi ujumbe wote wa M-Pesa na sauti alizokutumia, nenda kituo cha polisi kilicho karibu uandikishe na upewe nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi). Wale wa Jumamosi wameshaandikisha hapa Taveta. Ukiwa na yako, niandikie faraghani nikuunganishe nao.