Google Workspace: kugawa programu kwa vikundi vya wafanyakazi (uzoefu wangu)

Ofisi ninayoihudumia upande wa mifumo ina makao yake Mbeya mjini, na matawi Tukuyu, Vwawa, Makambako na Iringa. Akaunti za kudumu ni 64, na msimu wa kahawa ukifunguka wanaongezeka makarani wa muda. Tathmini hii inahusu jambo moja tu ndani ya Google Workspace, huduma za Google za ofisini kama Gmail na Drive: nani afunguliwe programu ipi. Kwa kazi hiyo naipa nyota nne kati ya tano.

Dashibodi ya msimamizi inakupa nyenzo mbili za kuwapanga watumiaji, kitengo (organizational unit) na kikundi (group), na shida nyingi huanzia kwenye kuzichanganya. Mtumiaji anakaa kwenye kitengo kimoja tu kwa wakati mmoja. Vikundi anaweza kuwamo hata kumi. Kikundi kinaweza kufungua huduma ambayo kitengo kimeifunga, lakini hakiwezi kufunga huduma ambayo kitengo kimeifungua. Kwa hiyo ukiacha kila kitu wazi kwenye vitengo, ukitegemea baadaye kuwabana wachache kwa kikundi, utabofya mpaka uchoke na watu wataendelea kuingia kama kawaida. Funga kwenye kitengo, fungua kwa kikundi.

Kosa la pili ni kupanga vitengo kwa matawi. Linavutia, maana ndivyo orodha ya mishahara ilivyo. Lakini tawi halibadilishi mahitaji ya mtu: mhasibu wa Iringa na mhasibu wa Mbeya wanahitaji programu zilezile, na karani wa mizani Vwawa hana tofauti na mwenzake wa Tukuyu. Ukipanga kwa matawi unaweka mpangilio uleule mara tano, na siku ya kuubadilisha lazima tawi moja lisahaulike. Kwetu vitengo vitatu vinatosha: wafanyakazi wa kudumu, wafanyakazi wa msimu, na akaunti za vifaa, yaani zile tableti zinazokaa pembeni ya mizani. Mengine yote yanabebwa na vikundi.

Mfano wa AppSheet, programu ya Google tunayotumia kuandikia kilo za kahawa zinapopokelewa. Ingia admin.google.com kwa akaunti ya msimamizi, nenda kwenye sehemu ya programu ("Apps"), kisha Google Workspace, chagua huduma yenyewe na ufungue sehemu ya "Service status". Anza na kitengo cha juu kabisa: zima, hifadhi. Vitengo vya chini hurithi, isipokuwa kile ambacho mtu alishakipa mpangilio wake. Hicho kitabaki hivyohivyo mpaka ukirudishe kwenye kurithi, kwa hiyo kagua kimoja kimoja. Halafu, upande wa kushoto wa ukurasa huohuo, tafuta kikundi cha makarani wa mizani, kiwashe, hifadhi. Kuanzia hapo kumpa karani AppSheet ni kumwingiza kwenye kikundi, na kumnyang'anya ni kumtoa.

Mabadiliko yanaweza kuchukua hadi saa 24 kuenea, ingawa mara nyingi huwahi. Hii ni hesabu ya kuiweka kichwani. Karani wa Vwawa akiongezwa saa mbili asubuhi, wakulima wameshapanga foleni na magunia, anaweza kukosa programu mpaka jua likachwea. Muongeze jana yake.

Akipiga simu kusema haifunguki, usikimbilie mipangilio. Kwanza mwambie atazame picha ndogo ya akaunti juu kulia kwenye simu yake. Mara nyingi simu ina akaunti mbili, na iliyo mbele ni Gmail yake binafsi, ambayo haina uhusiano wowote na ofisi. Ikiwa akaunti ni sahihi, kagua kama aliyeingizwa kwenye kikundi ni yeye kweli au ni jina linalofanana. La mwisho ndipo uhesabu saa.

YouTube nayo huleta mkanganyiko. Kuizima hapa kunaihusu akaunti ya kazi tu. Mtu akitoka kwenye akaunti anatazama video kama kawaida. Kama unachotaka ni kulinda bando la tawi, hiyo ni kazi ya ruta.

Zaidi ya kuwasha na kuzima kuna mipangilio ya ndani ya huduma, kwa mfano nani anaruhusiwa kushiriki faili za Drive na watu wa nje. Hapa kanuni inabadilika. Mpangilio wa kikundi unashinda wa kitengo, uwe wa kuruhusu au wa kukataza, na mtu akiwa kwenye vikundi viwili vinavyopingana, kinachoshinda ni kile kilicho juu kwenye orodha ya kipaumbele. Chukua mtu wa kikundi cha uhasibu, ambako kushiriki nje kumekatazwa, ambaye pia yuko kwenye kikundi cha mauzo kinachotuma nyaraka kwa wanunuzi. Mauzo ikiwa juu, hesabu zenu nazo zina njia ya kutoka. Weka vikundi vinavyobana juu, vinavyolegeza chini.

Na kwa vile kikundi sasa ni ufunguo, chunga mlango wake. Kikundi ambacho kila mtu wa ofisi anaweza kujiunga mwenyewe kinampa yeyote programu bila kukuuliza. Weka uanachama kwa kuongezwa tu, na punguza wenye vikundi (owners), yaani wanaoweza kuongeza na kutoa watu. Meneja wa tawi hahitaji cheo hicho ili asome ujumbe.

Nyota ya tano naizuia kwa sababu ya vikundi vinavyojijaza vyenyewe kwa kufuata idara ya mtu. Vipo, ila kwenye vifurushi vya juu. Kwa ofisi ya ukubwa wetu uanachama unaandikwa kwa mkono au kwa faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu. Ukitumia CSV kuwahamisha watu kitengo, safu ya nenosiri iache na nyota nne, ****, ili manenosiri yabaki yalivyo.

Msimu ukiisha, usizime Gmail ya makarani ukadhani umemaliza. Barua mpya wanazotumiwa zitarudishwa kwa watumaji, na akaunti bado inalipiwa. Kuisimamisha akaunti pia hakupunguzi malipo. Hamishia faili zao za Drive kwa msimamizi wa tawi, kisha futa akaunti. Ukigundua kuna kilichosahaulika, una siku 20 za kuirudisha.