WinCompose: dawa ya ĩ na ũ kwa sisi wachapaji

Duka langu la uchapaji liko Murang'a, na kazi inayonilisha ni programu za mazishi na kadi za rũracio, yaani mahari. Karatasi hizo hujaa majina ya Kikuyu, akina Wanjikũ, Njũgũna na Wangarĩ, na wazee wa huku wakikuta jina la marehemu halina viwimbi vyake, yaani ile alama ya ~ juu ya i na u, wanakurudishia kazi yote. Kwa kazi hiyo, WinCompose ndiyo programu ya kwanza ninayoweka kwenye kompyuta yoyote inayoingia dukani.

Ni ya bure, ya Windows. Unateua kitufe kimoja. Mimi nimechagua Alt ya kulia, ambayo haikuwa na kazi. Unaibonyeza na kuiachia, unafuatisha alama, kisha herufi. Alt, ~, u: inatoka ũ. Ukitaka kubwa, andika U kubwa. Kwenye Word kuna njia ya kuandika 0169 kisha kubonyeza Alt na X pamoja, na 0129 kwa ĩ, lakini nani atakariri namba huku familia imesimama mlangoni ikisubiri nakala?

Wengi watakushauri uwashe kibodi ya kimataifa ya Marekani iliyomo ndani ya Windows. Kwa Kifaransa haina neno. Kwetu sisi ni balaa. Kiwimbi chake kinakubali a, o na n tu, kwa hiyo ĩ na ũ huzipati kabisa. Tena ritifaa yake (') hungojea irabu iirukie: unaandika ng'ombe, inatoka ngómbe. Ng'ang'ania inageuka ngángánia. Hata Murang'a haiponi! WinCompose haigusi ritifaa mpaka uiite kwa kitufe chako.

Mwalimu wa Kifaransa huniletea mitihani, na hapo pia sihangaiki: Alt, ', e kwa é, Alt, koma, c kwa ç, Alt, o, e kwa œ. Usichokijua unakitafuta kwenye orodha yake.

Kasoro? Kwenye simu haipo. Na ukinunua leptopu ya mtumba yenye kibodi ya Kifaransa, Alt ya kulia ndiyo inayotoa @, basi hamishia kazi kwenye Caps Lock, usije ukakosa kuandika hata barua pepe.

Lililobaki si kosa la programu. Fonti nyingi za madoido, zile wateja wanazozipenda kwa jina kubwa la juu, hazina ĩ wala ũ, na kompyuta huazima herufi hizo kwenye fonti nyingine kimyakimya. Kabla ya kumwonyesha mteja mfano, chapa Mũthoni kwa fonti hiyo. Ũ ikionekana nyembamba katikati ya wenzake wanene, tafuta fonti nyingine.