Kinyozi, Buibui na Injini ya Visa: Uhakiki wa Sehemu Moja ya Doctor Who

Sehemu iitwayo "The Story & the Engine" katika mfululizo wa Doctor Who, iliyorushwa mara ya kwanza tarehe 10 Mei 2025, imewagawanya watazamaji ninaojadiliana nao hapa Nairobi katika makambi mawili ambayo hayana dalili ya kupatana. Wapo wanaoihesabu kuwa hadithi bora ya msimu huo, na wapo wanaonung'unika kwamba walitazama wanaume waliokaa vitini wakipiga soga hadi mwisho. Mimi niko na wale wa kwanza, ingawa lawama moja ya wale wa pili ni ya haki kabisa na nitaifikia.

Kwa asiyeujua, mfululizo huu wa Uingereza ulianza mwaka 1963, nao humfuata Daktari, kiumbe anayesafiri katika anga na nyakati kwa chombo chenye umbo la kibanda cha polisi cha buluu, na ambaye kifo kinapomkaribia hugeuka mwili akawa mtu mwingine. Hapa anaigizwa na Ncuti Gatwa, mzaliwa wa Rwanda aliyekulia Uskoti. Daktari anakwenda Lagos ya mwaka 2019 kumwamkia rafiki yake wa siku nyingi, Omo, mwenye duka la kinyozi, na kukuta duka limetwaliwa na mgeni asiyetaja jina lake, anayeitwa Kinyozi tu. Wateja hawawezi kutoka. Kila mmoja hukalia kiti kwa zamu na kusimulia kisa huku akinyolewa, picha za kisa hicho zikijichora dirishani, na usimulizi wenyewe ndio nguvu inayoendesha injini. Nje ya mlango hakuna tena Lagos, kwa maana duka limebebwa mgongoni na buibui mkubwa anayetambaa juu ya utando usio na mwisho.

Mwandishi wake, Inua Ellams, ni mzaliwa wa Nigeria, na aliwahi kuandika mchezo wa jukwaani kuhusu vinyozi wa miji kadhaa, Lagos na Kampala ikiwemo, kwa hiyo mahali hapa anapajua. Ujuzi huo unaonekana katika mambo madogo: jinsi anayengoja zamu anavyomkatiza aliye kitini bila kuomba radhi, na jinsi kicheko kinavyopokezanwa kutoka benchi hadi benchi. Yeyote aliyewahi kungoja mashine Jumamosi jioni katika kinyozi cha mtaani hapa kwetu, mabishano ya soka na siasa yakiendelea juu ya kichwa cha mteja aliyefungwa aproni shingoni, atapatambua mara moja. Daktari anaeleza kwamba tangu apate mwili huu mweusi hapokewi vilevile kila aendako, ilhali katika duka la Omo hupokewa kama wa nyumbani. Ndiyo maana anapogundua kwamba Omo mwenyewe ndiye aliyechangia kumvuta mtegoni, jeraha lake linamfikia mtazamaji kuliko tishio lolote la buibui. Wanaosema hakuna kinachotokea katika mazungumzo hayo nadhani walikuwa wakisubiri mlipuko.

Kilele changu ni kisa anachosimulia Daktari zamu yake inapofika. Amezunguka nyota zote, lakini anachagua siku ya kawaida ya kazi ya Belinda, muuguzi wa London anayesafiri naye, na injini inapata nguvu kuliko ilivyopata kwa visa vya waliomtangulia. Hakuna vita wala wafalme ndani yake.

Sasa ile lawama. Dakika za mwisho zinakwenda mbio kupita kiasi. Kinyozi anajitangaza kuwa miungu kadhaa kwa pamoja, halafu inabainika kwamba ni mwanadamu aliyeitumikia miungu hiyo kwa kuvisuka visa vyake na kunyimwa sifa, naye sasa anataka kuifuta kwenye kumbukumbu za watu. Hoja yake ni nzito na ingestahili nafasi. Badala yake tunatupiwa sura ya Daktari wa zamani, aliyeigizwa na Jo Martin, ambayo mtazamaji mgeni hataelewa imetoka wapi, kisha injini inalemewa na visa vya Daktari visivyo na kikomo. Kwa nini ile ile iliyokuwa na njaa ya visa inavimbiwa ghafla? Maelezo yapo, ila yanapita kwa sentensi moja moja.

Mwenzangu mmoja alikerwa pia na Anansi, buibui mjanja wa ngano ambaye ni mmoja wa miungu hiyo. Ngano za buibui huyo ni za Waakan wa Ghana, na zilivushwa bahari na watu waliouzwa utumwani hadi Karibi, ilhali Wayoruba wana kobe wao mjanja, Ijapa. Utando wa visa vya dunia nzima unaweza kubeba wote wawili, nakubali, lakini kumkosa kobe Lagos ni kama kutambiwa hekaya za Lamu asitajwe Abunuwasi. Hata hivyo, Abena, binti yake Anansi, ndiye anayetupa picha nzuri kuliko zote: anamsuka Daktari mistari na kuchora ramani ya kutorokea kichwani mwake, akisimulia jinsi watumwa walivyoficha njia katika misuko. Kamera inatulia juu ya vidole vyake vikigawa nywele, nasi tunaachwa tuisome ramani wenyewe.

Nisichokikubali ni jinsi Kinyozi anavyosamehewa. Omo anamkabidhi duka, wanapeana maneno mema, na mambo yanaishia hapo. Wateja waliofungiwa mle na kukamuliwa visa vyao hawaulizwi kama nao wameridhika.